Ghala la Programu Bunju: Kuleta Mara Moja, Kutumia Wote

Hotuba ya ofisi ya mratibu wa miradi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili, iliyotolewa Bunju.



Foleni ya Barabara ya Bagamoyo tunaijua, na tunajua kwamba waliotoka Mbagala na Kigamboni wameamka alfajiri ili wawe nasi saa hizi. Tumeombwa tuzungumze juu ya matumizi ya kompyuta katika miradi ya sharika zetu. Kompyuta zenyewe mmeziona mlipopita kule chumbani, hivyo hatutarudia. Tungependa kuzungumza juu ya kitu ambacho mgeni akipita hawezi kukiona: kompyuta moja kuukuu na diski moja, zilizofungiwa kwenye kabati la pembeni, ambazo sisi tunaziita ghala. Tutaeleza ghala hili ni nini na limetusaidia nini. Mwisho tutaeleza kosa tulilolifanya, kwa sababu kosa hilo liliingia hata kwenye taarifa tuliyowaletea ninyi.

Tulipoanzia

Chumba chetu kina kompyuta 16 zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Wanaozitumia ni vijana waliomaliza kidato cha nne, akina mama wa vikoba wanaojifunza kutunza hesabu, na makatibu wa mitaa wanaoandika taarifa. Mwanzoni zilikuwa na mfumo wa Windows 10. Lakini kampuni ya Microsoft ilikwisha kutangaza kwamba huduma ya kawaida ya bure kwa mfumo huo ingefikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na ndivyo ilivyokuwa. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai mashine mpya zaidi kuliko hizi zetu. Tulikuwa na njia tatu: kuomba kompyuta nyingine, kuendelea na mfumo usio na ulinzi, au kuhamia kwenye programu huria. Mwezi Aprili 2024 tukachagua njia ya tatu, tukahamia Debian.

Debian ni mfumo wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na hadi leo hutunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Haulipiwi leseni. Programu zake zimefungwa katika vitu ambavyo leo tutaviita pakiti, ili tusivichanganye na vifurushi vya simu. Programu ya kuandikia barua ina pakiti zake, ya kuchapisha ina zake, ya kusoma Biblia kwenye kompyuta ina zake. Toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na pakiti 64,419. Mtu anayehitaji programu haendi dukani. Anaamuru kompyuta yake, nayo inakwenda kwenye mtandao kuchukua pakiti zinazohitajika.

Hapo kwenye mtandao ndipo tulipokwama. Jumatatu ya kwanza ya mafunzo tuliwasha kompyuta zote 16, tukaziamuru zote zijisasishe na kuchukua programu za kuandikia na za hesabu. Zote zilipitia modemu moja ya simu. Kabla ya saa tano asubuhi bando lilikuwa limekwisha. Hakuna hata kompyuta moja iliyokuwa imemaliza. Wanafunzi walikuwa wametoka Mabwepande, Boko na Mapinga, wengine kwa nauli waliyoikopa. Tukawaomba radhi, wakarudi nyumbani. Tulinunua bando jingine, na jingine tena. Mwezi ulipokwisha, fungu la mtandao la robo mwaka nzima lilikuwa limeliwa lote.

Kisha tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota hapa nchini na katika nchi jirani. Wengi wenu mnakumbuka siku zile, jinsi hata miamala na ujumbe wa simu vilivyosumbua. Sisi tulikuwa na bando lakini hatukuwa na kazi ya kulifanyia. Kompyuta zilikaa, walimu wakakaa, na wanafunzi wanne hawakurudi tena.

Swali la mtunza hazina

Mwishoni mwa mwezi ule tuliitwa mbele ya kamati tueleze fedha zimekwenda wapi. Kikao kilikuwa kigumu. Baadhi ya wajumbe walisema mradi huu ufungwe na chumba kigeuzwe cha cherehani, maana cherehani haihitaji bando. Hatukuwalaumu.

Mzee wetu mtunza hazina alikuwa kimya muda mrefu. Yeye ni mfanyabiashara wa duka la vyakula, na kompyuta hajawahi kuigusa. Alipopewa nafasi aliuliza swali moja.

"Mwanangu, hizi kompyuta kumi na sita zinaleta vitu kumi na sita tofauti, au zinaleta kitu kile kile mara kumi na sita?"

Tukajibu, "Ni kitu kile kile, mzee."

"Na kinatoka wapi?"

"Kinatoka ng'ambo."

"Basi mbona hamkileti mara moja, mkagawana hapa hapa? Mimi nikiagiza sukari Kariakoo simpeleki kila mteja Kariakoo."

Tuliona haya, kwa kuwa sisi ndio tuliosoma. Jibu la swali lake lilikuwepo siku zote, na wataalamu wa Debian walikwisha kulitengeneza miaka mingi nyuma. Sisi hatukuwa tumelitafuta. Kamati ilitupa miezi mitatu ya kujirekebisha.

Ndugu wanakamati, wazo hili hata kwetu si geni. Zamani ujumbe wa kompyuta kutoka Kinondoni kwenda Temeke uliweza kupanda setilaiti, kufika ng'ambo, na kurudi tena Dar es Salaam, na gharama ya safari hiyo tuliilipa sisi. Mwaka 2004 watoa huduma wa intaneti walianzisha kituo cha pamoja jijini, kinachojulikana kama TIX, ili ujumbe wa hapa ubaki hapa. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Na kabla waya wa Seacom haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, wapenzi wa programu huria waliweza kuagiza CD za Ubuntu bila malipo na kuzipokea kwenye sanduku la posta. CD moja ilizunguka ofisi nzima, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kwa hiyo kuleta mara moja na kugawana ni desturi tuliyokuwa nayo, ila bando la simu lilitusahaulisha.

Ghala linavyofanya kazi

Kuna njia mbili, nasi tunazitumia zote. Tutazieleza taratibu, kwa sababu kamati itakayotaka kuanza itaulizwa.

Njia ya kwanza ni ghala kamili. Hapa tunanakili pakiti zote za toleo moja na kuziweka kwenye diski yetu. Wataalamu huliita kwa neno lenye maana ya kioo, kwa kuwa kilichoko kule huonekana vile vile huku. Ghala zima la Debian, kwa aina zote za mashine na matoleo yote, lina terabaiti kadhaa, nasi hatulihitaji lote. Tulichukua toleo moja tu, kwa aina moja ya mashine, yaani ile tuliyo nayo, tukaacha mengine. Likaingia kwenye diski ya nje ya terabaiti 1 na nafasi ikabaki. Programu tuliyotumia kunakili inaitwa apt-mirror.

Njia ya pili tunaiita kaunta. Kaunta hainakili kila kitu. Hungoja kuombwa. Kompyuta ya kwanza ikiomba pakiti, kaunta huifuata mtandaoni, huipa kompyuta ile, na hubakiza nakala. Kompyuta ya pili ikiomba pakiti hiyo hiyo, hupewa nakala ile bila kugusa bando. Programu ya kazi hii inaitwa apt-cacher-ng. Chukueni mfano wa masasisho ya megabaiti 500. Kwa kompyuta 16, bila kaunta, mtalipia megabaiti 8,000, yaani gigabaiti 8. Kukiwa na kaunta mtalipia megabaiti zile 500 tu. Na kadiri kompyuta zinavyoongezeka, gharama haiongezeki.

Kwa usharika wenye kompyuta moja tu ya mhasibu, isiyounganishwa na mtandao kabisa, iko njia nyingine ndogo inayoitwa apt-offline. Kompyuta ile huandika mahitaji yake kwenye flashi. Flashi hupelekwa kwenye mashine yenye intaneti, vitu hupakuliwa, kisha hurudishwa. Ni kama kumtuma mtoto dukani na karatasi ya mahitaji.

Mjumbe mmoja kutoka Temeke alituuliza swali la maana sana: kama diski hii inapita mikononi mwa watu wengi na kusafiri kwa daladala, tutajuaje kwamba hakuna aliyetia kitu kibaya njiani? Wote tumeona flashi zilivyoeneza virusi maofisini.

Jibu ni muhuri. Debian huandaa orodha ya pakiti zote, na kila pakiti huandikiwa alama ndefu ya tarakimu na herufi inayotokana na yaliyomo ndani yake. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya pakiti, alama haitalingana. Orodha yenyewe hutiwa sahihi ya kielektroniki ya Debian, na kila kompyuta yetu ina ufunguo wa kuitambua sahihi hiyo. Kwa hiyo kompyuta haimwamini aliyebeba diski, wala haituamini sisi. Inakagua sahihi na alama, na visipolingana inaikataa pakiti. Ni sawa na barua ya dayosisi: hatumuulizi tarishi tabia yake, tunaangalia muhuri na sahihi. La kuzingatia ni kwamba mfumo wa kwanza kabisa, pamoja na ufunguo wake, upatikane mahali pa kuaminika na ukaguliwe kabla ya kuwekwa.

Kazi ilianza Agosti 2024. Fundi wetu alikwenda na diski kwenye ofisi moja mjini yenye intaneti nzuri, akaiacha ikinakili usiku, siku kadhaa mfululizo. Umeme ulikatika mara mbili, lakini kazi iliendelea pale ilipoishia. Diski ikaja Bunju ndani ya mfuko wa kitenge, kwa daladala. Tukaiunganisha, tukawasha kompyuta 16 kwa pamoja, kama ile Jumatatu ya Aprili. Zote zilipata programu zao kabla ya chai ya saa nne, na modemu ilikuwa imezimwa mezani. Mzee mtunza hazina alikuwepo. Alisema tu, "Sawa. Sasa leteni daftari."

Kosa letu

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lingekuwa rahisi kuliacha.

Katika taarifa yetu ya mwisho wa mwaka 2024 tuliwaandikia wafadhili kwamba kompyuta zote zinasasishwa na ziko salama. Tuliandika kwa nia njema. Lakini haikuwa kweli.

Ilikuwa hivi. Orodha za kawaida za Debian zinaweza kukaa muda mrefu, kwa sababu toleo likishatoka hubadilika kidogo tu, takribani kila baada ya miezi miwili. Lakini orodha ya masasisho ya usalama, yale yanayoziba mianya ya wezi, hupewa tarehe ya mwisho ya kama wiki moja hivi. Muda huo ukipita, kompyuta huonya kwamba orodha imechakaa na hukataa kuitumia. Wiki moja baada ya ghala kuanza, kompyuta zetu zote zilionya. Wanafunzi waliogopa. Ili kazi iendelee, tulikubaliana na fundi onyo lile lizimwe, tukisema tutalirudisha.

Hatukulirudisha. Mwezi wa Oktoba fundi alipata kazi kwingine, tukamwaga vizuri, na hakuna aliyeandikiwa jukumu la kuijaza diski upya. Kompyuta ziliendelea kufanya kazi vizuri, na kila tulipoziamuru zijisasishe zilijibu kwamba hakuna jipya. Zilisema kweli kwa jinsi zilivyojua: ghalani hapakuwa na jipya. Sisi tuliposoma jibu hilo tukaandika kwenye taarifa kwamba zimesasishwa.

Februari 2025 alikuja mwanafunzi wa chuo kwa mafunzo ya vitendo. Siku ya pili aliuliza, kwa adabu, "Samahani, shikamooni. Hili ghala lilijazwa lini mara ya mwisho?" Tukaenda kutazama. Ilikuwa miezi mitano. Kompyuta ambayo mhasibu alikuwa akifungulia barua pepe za kanisa ilikuwa na kivinjari cha tangu Septemba.

Tunamshukuru Mungu kwamba hatukuibiwa kitu. Lakini kutoibiwa si ushahidi kwamba mlango ulifungwa. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilishambulia kompyuta katika nchi nyingi, vikafunga mafaili na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zilivurugika, wagonjwa wakarudishwa. Dawa ya mwanya ule ilikuwa imetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huo huo, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao dawa ilikuwepo lakini haikuwafikia. Ghala lisilojazwa linafanya jambo hilo hilo: linamfanya mtu aamini ana dawa, kumbe rafu ina chupa za zamani.

Tuliwaandikia wafadhili barua ya kusahihisha taarifa ile. Mmoja wao aliuliza kwa nini tuamini taarifa nyingine. Lilikuwa swali la haki, na hatukuwa na jibu zaidi ya kubadilisha utaratibu na kuuonyesha.

Utaratibu wa sasa

Onyo limerudishwa kwenye kompyuta zote, na hakuna anayeruhusiwa kulizima bila kamati kujua. Kazi ya kuleta tumeigawa sehemu mbili. Vitu vizito, yaani ghala kamili, vinakuja kwa diski kutoka mjini kila Debian inapotoa marekebisho ya toleo. Vitu vyepesi, yaani masasisho ya usalama, vinapitia kaunta: kila Jumanne na Ijumaa modemu inawashwa, kompyuta ya kwanza inachukua, na nyingine 15 zinapata kutoka kwenye kaunta. Hivyo orodha ya usalama haichakai, na bando linabaki dogo.

Watunzaji ni wawili, kijana na mama mmoja wa vikoba, ili mmoja akiondoka kazi isiondoke naye. Kila Ijumaa wanaandika kwenye daftari tarehe iliyoko kwenye orodha, si tarehe ya siku waliyotazama, na mzee mtunza hazina anatia sahihi. Yeye bado hajui kutumia kompyuta. Anajua kusoma tarehe, na kwa kazi hii inatosha. Taarifa yetu ya robo mwaka sasa inaambatana na nakala ya ukurasa wa daftari.

Toleo la 13 la Debian lilitoka tarehe 9 Agosti 2025, likiwa na pakiti 69,830. Tulinakili ghala lake mjini na kuhamisha kompyuta zote wakati wa likizo ya Desemba, bila kununua bando la ziada kwa vitu vizito. Miezi ishirini kabla yake, kazi kama hiyo ndiyo iliyotufikisha mbele ya kamati.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuomba kompyuta, teueni watunzaji wawili na muwaandike kwenye muhtasari wa kikao kwa majina. Pili, nunueni daftari kabla ya diski. Tatu, msianze peke yenu. Diski yetu ya Bunju inaweza kunakiliwa: leteni diski tupu, kaeni nasi siku moja, rudini nayo. Usharika wa Mbagala au Chanika hauna sababu ya kupakua upya kitu ambacho tayari kiko Dar es Salaam, na muhuri utawaonyesha kwamba ni kile kile.

Kwa wafadhili wetu, tunashukuru kwa dhati kwa kompyuta. Mara nyingi mnatuuliza tunahitaji ngapi. Tunaomba mtuulize pia zitatunzwaje. Msaada wa kompyuta 10 bila diski ya ghala, bila kifaa cha kuhifadhi umeme unapokatika, na bila posho ndogo ya watunzaji, baada ya mwaka mmoja huwa mzigo kwa usharika. Kompyuta 8 zenye vitu hivyo zitafundisha watu wengi zaidi. Na mkija kututembelea, ombeni kuona daftari. Hatutakwazika.

Wale wanafunzi wanne walioacha Mei 2024 tuliwatafuta. Wawili wamerudi, na mmoja wao ndiye kijana anayetunza ghala sasa. Wengine wawili hatujawapata bado. Tunawataja hapa kwa sababu kwenye hesabu za mradi wanaonekana kama fungu la bando lililokwisha, na wao walikuwa zaidi ya hapo.

Baada ya chai, wanaotaka kuliona kabati watufuate. Ufunguo anao mama mtunzaji, nasi pia itabidi tumwombe.